MICHEZO YA VIDEO: SOMO KWA WAZAZI NA WALEZI



Somo letu safari hii ni juu ya michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu. Wazazi wengi hutuuliza, "Mwalimu, je, michezo hii ni mibaya?" Swali hilo halijibiki kwa neno moja, kama vile mtu hawezi kujibu kwa neno moja akiulizwa kama vitabu ni vibaya. Iko michezo ya kila namna, na kila mmoja una tabia yake. Tena, sisi tuliofundisha miaka mingi tunajua kwamba mtoto hamsikilizi sana mtu mzima anayekataza jambo asilolijua. Basi na tujifunze kwanza, kisha tuamue.

1. Mchezo wenye mwisho na mchezo usio na mwisho

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huhesabu, hufikiri mbele, na kumpima mwenzake. Lakini bao lina mwisho. Mmoja akishindwa, watu huinuka, au huanza jingine kwa hiari yao.

Mpira wa PlayStation ambao vijana huulipia vibandani nao uko hivyo. Wawili hushika pedi, mechi huchukua dakika chache, kipenga hulia, na aliyefungwa humpisha mwenzake. Muda hujulikana na pesa huonekana.

Michezo mingi ya simu haina kipenga cha mwisho. Leo kuna zawadi kwa aliyeingia, kesho kuna kubwa zaidi, na ukikosa siku moja unaanza kuhesabu upya. Mtoto anayeambiwa "acha sasa" haoni mahali pa kuachia. Tusishangae akinung'unika.

2. Njia ya malipo huutengeneza mchezo

Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Pong, mchezo wa vijiti viwili na kinukta kinachopigwa huku na huku kama mpira wa mezani. Mwaka 1978 huko Japani ukatoka Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Michezo hiyo ilichezwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Mwenye mashine alifaidika mchezaji aliposhindwa upesi na kutia sarafu nyingine, na michezo mingi ya namna hiyo ilizidi kuwa migumu kadiri ulivyoendelea kucheza.

Baadaye mashine ziliingia majumbani. Mnunuzi alilipa mara moja akaondoka na mchezo wote.

Siku hizi michezo mingi ya simu hutolewa bure, na hapa ndipo panapotaka macho. Kazi ya watu wengi haiwi bure. Pesa hupatikana kwa matangazo, na kwa vitu vinavyouzwa ndani ya mchezo wenyewe. Chukueni mfano wa Free Fire, uliotoka mwaka 2017. Wachezaji hadi 50 hushuka kisiwani, wakapigana mpaka abaki mmoja. Kuucheza hakulipiwi. Lakini ndani yake kuna "almasi" zinazonunuliwa kwa pesa halisi, na kwa almasi hizo mtoto hununua mavazi na mapambo. Akisema, "Nimetumia almasi mia," neno shilingi halimo kinywani mwake wala akilini. Jina hilo humsahaulisha kwamba anatumia pesa.

Iko pia michezo inayouza kisanduku kilichofungwa: unalipa kwanza, ndipo unajua ulichopata. Mwaka 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya namna hiyo katika michezo kadhaa, ukiwamo wa mpira wa FIFA 18, ni kamari. Na mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 baada ya kushtakiwa na tume ya biashara ya Marekani. Katika hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliodaiwa kuvutwa wanunue wasichokusudia.

Kwa hiyo, mtoto akimaliza salio la simu ya mama yake, aonywe, lakini asiitwe mwizi tu yakaishia hapo. Upande wa pili wako watu wazima, wenye elimu, waliokaa kupanga kitufe kiwekwe wapi ili kidole kikifikie.

3. Faida isipuuzwe

Tetris ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Mchezaji hupanga vipande vinavyoshuka mpaka vijaze mstari. Ni zoezi zuri la jicho na akili, wala hakuna anayeumizwa. Michezo mingine huwafundisha vijana kusaidiana katika kikundi. Mtoto mwenye haya naye hupata humo marafiki. Ukimnyang'anya simu bila neno, pengine umemnyang'anya na hao.

4. Dalili za kuzidiwa

Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kuzidiwa na michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine yote, naye huendelea ingawa anaona unamharibia. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12 hivi, nayo lazima iwe imeharibu masomo, kazi au maisha ya nyumbani. Kwa hiyo kijana aliyecheza sana wakati wa likizo asiitwe mgonjwa.

5. La kufanya

(a) Keti na mtoto, mwambie akufundishe mchezo wake. Kwa nusu saa utajua mengi.

(b) Uliza: mchezo huu unapataje pesa?

(c) Namba ya siri ya pesa za simu usimpe mtoto, hata akutume au umtume mara ngapi.

(d) Pataneni kwa mechi, si kwa dakika. "Mechi mbili, kisha vyombo" ni agizo linaloeleweka, kwa kuwa lina mwisho.

(e) Simu ilale chumbani kwa wazazi, na ya mzazi pia isionekane mezani wakati wa chakula.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au kikundini

1. Taja mchezo mmoja unaochezwa nyumbani kwako. Je, una mwisho?
2. Kuna tofauti gani kati ya kulipia mechi kibandani na kununua almasi?
3. Mtoto akiacha kucheza jioni ya leo, tumemwandalia nini cha kufanya pamoja nasi?

Swali la tatu ndilo gumu. Tunawaomba msiliruke.