Motere ya mutumbwi inakataa kuwaka: tuanzie wapi?



Pengine mutashangaa: tangu lini ba agronome wanafundisha mambo ya motere? Shule yetu ilikuwa ya mihogo, mupunga na udongo, haikuwa ya buji na karburateri. Lakini tumeona mara nyingi mupunga uliolimwa muzuri, ukavunwa muzuri, ukakaushwa muzuri, unakuja kuharibikia pale pa mwisho kabisa, ku kando ya Lualaba.

Munajua njia yenyewe. Ukitoka Kalima na mizigo, ikuwe ku kinga, ku moto ao ku kamio, barabara inakuishia Alunguli, upande wa kuume wa mto. Soko kubwa, madepo ya wanunuzi na gare ya reli viko ng'ambo. Katikati kuko maji mapana, na maji hayo yanakwenda.

Musimu mumoja, koperative moja tunayoitembelea ilikuwa na motere ya zamani ya nguvu ya farasi 15, silindri mbili, ya aina ile inayokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Waliinunua ikiwa imeshatumika. Siku ya kuvusha mupunga ikakataa. Vijana walivuta kamba mupaka mikono ikatoka malengelenge. Magunia yakalala ku kivuko siku tatu, na usiku mbili mvua ilinyesha juu ya bashi yenye matundu. Mupunga ambao ulikuwa mukavu ukaanza kupata joto ndani ya gunia. Wanunuzi waliingiza mukono, wakanusa, wakashusha bei. Hatuwezi kuwalaumu.

Tuliitwa. Tukaangalia motere na macho ya watu wenye diploma, tukasema: "Hii imekufa, mutafute ingine." Wamama wakaanza kuhesabu feza za sanduku ya koperative. Kisha muzee mumoja, motoristi wa pale pale, akakaribia bila kusema kitu. Akalegeza kavisi kadogo kaliko juu ya kifuniko cha bidoni ya esansi. Akafinya mupira, akavuta kamba mara nne. Motere ikawaka.

Tuliona haya. Ndiyo maana tumejifunza, na ndiyo maana tunaandika.

Mbele ya kuvuta kamba

Motere inaomba vitu vitatu tu: esansi yenye hewa kidogo, moto wa buji, na pistoni yenye kufinya sawa sawa. Kimoja kikikosa, hata uvute mupaka jioni. Kwa hiyo kazi si kuvuta, kazi ni kujua ni kipi kinakosa.

Anzia ku bidoni, haina feza. Kavisi ka hewa juu ya kifuniko kafunguliwe, kama sivyo esansi inashindwa kutoka: motere inawaka kidogo, kisha inazimika, na ule mupira wa kufinya unabaki umejibana kama ndizi iliyooza. Angalia mushale ulio juu ya mupira: unapashwa kuelekea ku motere. Tumekuta tiyo zilizofungwa kinyume baada ya kutengenezwa, na mwenyewe analia motere mbaya. Finya mupira mupaka ukuwe mugumu. Kama unabaki laini, kuko fasi tiyo inavuta hewa, ao bidoni haina kitu, ao kilango cha ndani ya mupira kimekufa.

Angalia tena ile kamba nyekundu ya usalama. Kibandiko chake kikitoka, motere haitawaka milele, hata ikuwe mupya. Na vitesi iwe katikati, kwa sababu motere nyingi zinakatalia kuvutwa ikiwa vitesi imeingia.

Esansi yenyewe tuizungumuzie. Wengi tunanunua kwa ba kadhafi, ndani ya machupa, na hatujui imepita wapi. Tia kidogo ndani ya chupa nyeupe, uiache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka chini na utaona mustari kati yao. Esansi iliyolala miezi ndani ya bidoni nayo inabadilika, inanuka kama rangi ya nyumba. Hiyo musitie ku motere ya mutumbwi.

Na hapa kuko kosa moja la kwetu Kalima. Vijana wa makariere ya kasiteriti wanajua motopompe vizuri sana, na akili ile inasaidia. Lakini motopompe nyingi ni za taimu nne: mafuta yanatiwa pekee yake, esansi pekee yake. Motere nyingi za zamani za mutumbwi ni za taimu mbili, mafuta yanachanganywa ndani ya esansi. Ukichukua bidoni ya motopompe ukaitia ku mutumbwi, motere itawaka muzuri, hata utafurahi, kisha pistoni itakamata kwa sababu haina mafuta. Hapo ndipo tutasema kweli imekufa. Bidoni mbili, rangi mbili. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50: ndani ya litre 20 za esansi, mililitre 400 za mafuta ya taimu mbili. Chukua chupa ya maji ya nusu litre, uitie alama pale 400, ibaki ni ya kazi hiyo tu. Motere zingine zinaomba kipimo kingine, kwa hiyo soma kibandiko kama bado kinaonekana. Kutia mafuta mengi "kwa usalama" hakusaidii: buji inachafuka na motere inazidi kuwa ngumu.

Buji inasema ukweli

Toa buji zote mbili, uzilaze mufululizo, ya juu na ya chini, usizichanganye. Sasa uzisome. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara kumi, esansi haifiki: rudi ku tiyo na karburateri. Ikiwa imelowana esansi, esansi inafika lakini moto hauko, ao umezamisha motere kwa kuvuta sana na starteri imefungwa. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, mafuta ni mengi ao starteri inabaki imevutwa. Rangi ya kahawa ya maziwa ni nzuri.

Kwa motere iliyozama ndani ya esansi, usibishane nayo. Toa tiyo ya esansi, rudisha starteri, toa kamba ya usalama ili moto usitoke, fungua gazi yote, uvute mara kadhaa bila buji mupaka mashimo yakauke. Pangusa buji, rudisha, jaribu tena.

Kupima moto: rudisha buji ndani ya kofia yake, chuma chake kiguse chuma safi cha motere, kamba ya usalama iwe fasi yake, mutu mumoja avute. Tafazali, mbele ya hapo toa tiyo ya esansi na upanguse kila tone lililomwagika, na usishike buji na mukono mutupu. Tumia pensi yenye mupira. Wala usisimame ndani ya maji. Moto muzuri ni wa bluu na unalia "ta, ta". Moto mwembamba wa manjano ni wa ugonjwa. Kama silindri moja ina moto na ingine haina, badilishana buji. Ugonjwa ukifuata buji, nunua buji. Ukibaki ku silindri ile ile, ni kofia, waya ao bobini.

Kama moto hauko ku silindri zote mbili, usikimbilie kununua bobini. Angalia kwanza kontakti ya kuzimisha: chomoa waya wake, pima tena. Moto ukirudi, umepata muharibifu kwa bure. Hiyo ni ya kupima tu, kwa sababu motere isiyo na kontakti utaizimisha paka na starteri, na mutu akianguka majini hakuna wa kuizimisha.

Kwa kununua buji: peleka ile ya zamani ukaonyeshe namba. Ku buji za NGK, namba yenye mwisho wa -10 maana yake nafasi ya moto ni milimetre 1. B7HS na B7HS-10 zinafanana ku macho, lakini nafasi si moja. Muuzaji akisema "ni sawa tu," muwe na mashaka.

Karburateri

Turudi kwa ile motere ya muzee. Iliwaka, tukafurahi, lakini kesho yake asubuhi ikasumbua tena. Ilikuwa inawaka na starteri tu, ukirudisha starteri inakufa. Hiyo ni alama ya kujua: esansi inafika, lakini kidogo. Kama motere inaendelea kuishi wakati mutu anafinya mupira bila kuacha, ugonjwa ni pompi ya esansi. Ndani yake kuko ngozi nyembamba inayopasuka kwa uzee. Yetu haikuwa hivyo. Tulifungua kavisi ka chini ya karburateri, esansi ikatoka ya rangi ya chai, na matone ya maji kama macho ya samaki.

Ilikuwa imelala miezi na esansi ndani. Esansi ikiruka inaacha gundi, na gundi inapenda kufunga tundu dogo kuliko yote, lile la motere inapozunguka polepole. Fundi alitoa kile kichuma chenye tundu, akakilowesha ndani ya esansi safi, akapuliza, akapitisha unywele mumoja wa brosi. Si waya wala sindano! Waya inapanua tundu, na tundu likipanuka halirudi. Mbele ya kufungua, piga foto na telefone, ao chora ndani ya kaye kila kavisi kalitoka wapi. Vis za kupanga hewa, hesabu mizunguko mbele ya kuzitoa.

Na badilisheni kitu kimoja tu kwa mara moja. Fundi anayebadilisha buji, bobini na pompi siku moja, motere ikiwaka hatajua ni nini kiliiponya, na ninyi mumelipa tatu.

Kama moto na esansi viko sawa

Hapo kunabaki pistoni. Toa buji, toa kamba ya usalama, weka kidole gumba ku shimo, mwenzako avute. Kidole kinapashwa kusukumwa kwa nguvu. Kama kamba inakuja laini kama ya kuteka maji, silindri imechoka. Kipimo cha kufinya kiko, na koperative tatu ao ine zinaweza kukinunua pamoja: silindri mbili zisipitane zaidi ya asilimia 15 hivi. Tia mafuta kidogo ndani ya shimo, pima tena. Nguvu ikipanda, segma zimelika. Hapo ndipo mukae muhesabu: kutengeneza ao kununua. Si mbele ya hapo, kama sisi tulivyofanya.

Kupima motere ku inchi kavu ni kuiua. Pompi ya maji ina mabawa ya mupira, yanaungua upesi sana bila maji. Kata pipa nusu, ujaze, ufunge motere pale. Mara inapowaka, angalia kamaji kanakotoka nyuma, kasipotoka, zimisha.

Ku mto, washeni mutumbwi ukiwa bado umefungwa, muache motere izunguke dakika tano, kisha mufungue kamba. Makasia yawe ndani, hata kama motere ni mupya. Wanaoshuka kutoka Kindu mupaka Ubundu wana kilometre karibu 300 za mto, na kule Ubundu maporomoko yanaanza. Motere inayokohoa haiendi safari ile.

Jioni, kazi ikiisha, toa tiyo ya esansi uache motere imalize ile iliyo ndani ya karburateri mupaka izimike yenyewe. Ile koperative inafanya hivyo sasa kila siku ya soko, na motoristi anaandika ndani ya kaye ni kuvuta mara ngapi. Asubuhi ya baridi, inawaka ku mara ya tatu ao ya ine. Mabawa ya pompi wameyabadilisha. Bashi ya matundu nayo.