Kupima Afya Kabla ya Kuanza Kazi

Ukiambiwa ukapime afya kabla ya kuanza kazi, usiogope. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi achunguzwe na daktari mwenye sifa kabla ya kuanza, na aendelee kuchunguzwa akiwa kazini. Daktari anataka kujua kama mwili wako unaiweza kazi hiyo bila kukudhuru.

Ndiyo maana vipimo hutofautiana. Dereva wa lori hupimwa macho, presha na sukari. Mpishi hupimwa choo. Anayekwenda kwenye mashine zenye kelele huingizwa katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, akavishwa spika masikioni, akabonyeza kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu. Wa machimbo au saruji hupuliza kifaa kwa nguvu zake zote ili uwezo wa mapafu yake ujulikane.

Majibu hayo yatunze kama cheti cha shule. Kelele huua masikio polepole, na vumbi la mawe linaweza kukaa kifuani miaka mingi kabla hujaanza kukosa pumzi. Siku ukidai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, itabidi ijulikane uliingia kazini ukiwa na hali gani. Bila kipimo cha mwanzo ni rahisi kuambiwa ulikuja na ugonjwa wako.

Wapo wanaoutumia upimaji huu kuchuja watu, na hilo tunalikemea. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU, ujauzito au ulemavu, na inamlinda hata anayeomba kazi. Dada unayepewa kikopo cha mkojo, uliza kinapimwa nini kabla hujakijaza.

Mwajiri hana haja ya kujua unaumwa nini. Inamtosha karatasi ya daktari isemayo unafaa, unafaa kwa masharti, au hufai kwa kazi hiyo. Mwenye pumu asiyefaa kwenye kinu cha unga anaweza kufaa kabisa getini au ofisini, na apangiwe huko.

Gharama aibebe mwajiri; si haki kumtoza mtu ambaye hajaona hata mshahara wa kwanza. Omba nakala ya majibu yako kabla hujaondoka, na ukibaguliwa peleka malalamiko yako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, maana muda wa kulalamika una kikomo.