SOMO LA MWEZI: KITI KILICHOTOKANA NA BUNDUKI
Soma: Isaya 2:1–5; 1 Wakorintho 15:9–10



Nabii Isaya aliona siku ambayo mataifa watazipeleka silaha zao kwa mhunzi, awafanyie zana za shamba. Tumezoea kulisoma neno hili kama jambo la siku za mbele. Jirani zetu wa Msumbiji walilijaribu kwa mikono yao.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1977 vilikoma kwa mapatano ya Roma ya mwaka 1992. Amani ilikuja, lakini bunduki zilibaki, nyingine zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza kuwaita watu wazitoe. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Dinis Sengulane, wakati ule Askofu wetu wa Kianglikana wa Lebombo. Aliyeleta silaha alipewa jembe, au baiskeli, au cherehani, au vifaa vya kujengea. Silaha zilikatwa zisitumike tena, na vipande vingine wakapewa wasanii wa Maputo.

Mmoja wao, Cristóvão Canhavato aitwaye Kester, mwaka 2001 aliviunganisha vipande hivyo akafanya kiti cha enzi. Leo ni mali ya British Museum, London. Hakuna bunduki hata moja ndani yake iliyotengenezwa Msumbiji. Silaha zilitoka ng'ambo. Makaburi yalichimbwa nyumbani.

Tuangalie jambo moja. Fundi hakuficha chuma kile kilikuwa nini. Mitutu imeonekana, vitako vimeonekana. Chuma ni kilekile, ila sasa kinabeba mtu, hakimwangushi. Ndivyo ilivyo toba. Paulo hakuficha kwamba aliliudhi Kanisa. Bidii yake ileile Mungu aliigeuza, ikawa ya kulijenga.

Sisi hatuna bunduki. Lakini je, hatujafukia kitu? Tunapeana mkono wa amani kanisani, na kumbe lile neno la mwaka juzi juu ya shamba la urithi bado tumeliweka akiba, tukingoja siku ya ugomvi. Yule Mmsumbiji wa kwanza kuleta bunduki hakujua kama jirani yake ataleta yake. Alitangulia. Hapo ndipo penye ugumu, na hapo ndipo imani inapopimwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni silaha gani tumezificha majumbani mwetu?
2. Anayezitoa, sisi tulio Kanisa tunampa nini badala yake?
3. Nani atatangulia?

Tuombe: Ee Mungu wa amani, utupe moyo wa kufukua tulichokificha na kukileta kwako. Ukifanye chombo cha kuwafaa wenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.