Hivyo Vinyama, Usivipake Maji ya Betri

Mdogo wangu, umeniandikia ukizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mstari wa mwisho ndipo ukasema: una vinyama sehemu za siri, na shoga yako kakuletea kichupa cha maji ya betri uvipake kwa njiti ya kiberiti. Mrudishie kichupa chake leo hii. Maji ya betri ni asidi isiyochagua, itakula kinyama pamoja na ngozi nzima ya jirani. Hata ile dawa ya chunjua za vidole inayouzwa famasi si ya huko.

Na siki je? Najua wapo waliopakwa siki kliniki walipopimwa saratani ya mlango wa kizazi, wakarudi nyumbani wakidhani wamejifunza tiba. Ile siki inamsaidia muuguzi kuona sehemu zilizobadilika, maana hugeuka nyeupe. Kazi yake inaishia hapo.

Halafu, nani kakwambia kuwa ni masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri? Umejitazama kwa kioo cha mkononi, peke yako, usiku. Kaswende nayo huleta vinundu bapa vyenye majimaji vinavyofanana sana na chunjua, na tiba yake ni sindano ya penisilini. Wengine wanahangaikia vipele vya kawaida vya maumbile yao. Kwa hiyo kwanza uonwe na mtaalamu, upimwe damu ya kaswende na ya VVU. VVU naitaja kwa sababu kinga ikishuka, chunjua hizi huwa nyingi na sugu.

Zikithibitika, hapo ndipo pa kuchagua. Zikiwa chache na laini, za nje, unaweza kupewa dawa ya kupaka mwenyewe nyumbani. Podofilotoksini unapaka asubuhi na jioni siku 3, unapumzika siku 4, ndiyo mzunguko mmoja, na isizidi mizunguko 4. Usiongeze siku kwa haraka, utajichubua. Imikuimodi ni krimu inayoamsha kinga ya ngozi. Unapaka usiku mara 3 kwa wiki, asubuhi unaosha, na inaweza kuchukua hadi wiki 16. Krimu hiyo hudhoofisha kondomu, jambo ambalo watu wengi hawaambiwi.

Nyingine ni za mkono wa mtaalamu. Kuna kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, inauma kama kuungua na barafu, kisha kinyama kinakauka na kudondoka. Kuna asidi ya TCA, ambayo daktari anaidondosha juu ya kinyama tu, kidogo sana. Zikiwa kubwa au zimerundikana, wanachoma kwa umeme, au wanakata, baada ya kukupiga ganzi. Mimi ningekuwa na rundo, ningeomba zikatwe siku moja nimalize, kuliko kupaka miezi. Lakini hiyo ni roho yangu. Wewe ulizia na bei, kwa sababu vifaa havipo kila kituo.

Ila kama umekosa siku zako, sema kabla hujaguswa. Podofilotoksini haitumiki kwenye ujauzito, wala podofilini, ile dawa ya kahawia wanayopaka kliniki. Kugandisha na TCA vinaruhusiwa. Na chunjua zenyewe hupenda kuongezeka mimba ikiwepo, usishtuke.

Sasa sikiliza hili kwa masikio yote mawili. Dawa zote hizo zinaondoa kinyama, lakini kirusi cha HPV kinachokileta kinaweza kubaki kwenye ngozi. Ndiyo maana zinarudi, hasa miezi 3 ya mwanzo. Zikirudi, rudi na wewe kliniki, tiba haikuwa kazi bure. Kwa wengi kinga ya mwili hukidhibiti kirusi chenyewe baada ya muda.

Umeuliza nani kakuletea. Sijui, na daktari naye hatajua. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miezi, hata miaka, kabla kinyama hakijatokeza, kwa hiyo usimvalie mchumba wako kanga kiunoni ukaanza kesi. Mwambie, naye akaangaliwe. Kondomu inapunguza hatari, haifuniki ngozi yote.

Na ile saratani iliyokukosesha usingizi? Chunjua nyingi zinatokana na HPV aina ya 6 na ya 11. Zinazosumbua mlango wa kizazi zaidi ni 16 na 18. Kipimo cha mlango wa kizazi ufanye umri wako ukifika, kama mwanamke mwingine yeyote. Na mdogo wako wa kike wa darasa la sita akachanjwe dhidi ya HPV. Tanzania tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja.

Jumatatu ukienda kliniki vaa sketi pana, usinyoe huko, wembe husambaza chunjua. Ukifika mapokezi huna haja ya kusimulia foleni nzima. Sema tu, "Nina tatizo la ngozi, naomba kuonwa na daktari wa kike." Ukishaingia na mlango umefungwa, ndipo useme ni wapi.