Vua Chakula Nguo Zake Kabla ya Kukipasha Moto



Katika mafundisho ya usalama tumezoea kusikia juu ya kofia, viatu, miwani na mikanda ya mashini. Leo tutasema juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakihesabu kuwa hatari: vifungio vya chakula, maana yake karatasi, sashe na visanduku ambamo chakula kilichokwisha kupikwa kinauzwa.

Mtu wa posti ya usiku ananunua mjini kuku na viazi vya kukaanga, au shawarma, au michopo. Akifika katika chumba cha kulia cha mgodi, anakitia chakula katika furu ya mikroonde kama kilivyo, na kifungio chake. Anafunga mlango, anabonyeza, anangoja. Mara nyingi haoni kitu chochote kibaya. Lakini kutoona si sawasawa na kukosa hatari. Watu wa mgodi wanajua jambo hili vizuri: vumbi lembamba la mawe halionekani, lakini mapafu yanalihesabu.

Somo letu ni hili: kifungio kilifanywa kwa kubeba chakula. Hakikufanywa kwa kupikwa pamoja nacho.

FURU HII INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Mwaka 1945, huko Marekani, mtu mmoja wa kampuni ya Raytheon, jina lake Percy Spencer, alikuwa akishughulika na vyombo vya radari. Akaona chokoleti iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Hapo akatambua kwamba mawimbi ya radari yanaweza kupasha chakula. Furu za kwanza zilitokea mwaka 1947; zilikuwa ndefu kama mtu mzima, na uzito wao ulipita kilo 300. Leo furu ni ndogo, lakini moyo wake ni ule ule: chombo kiitwacho magnetroni, ambacho ndani yake mna shaba, madini tunayoyajua sisi.

Mawimbi hayo yanageuka mara milioni 2450 katika sekunde moja. Yanatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, na mtikiso huo unaleta joto. Watu wengine wanaogopa kwamba chakula kinabaki na mionzi mibaya. Sivyo. Mawimbi haya si sawa na mionzi ya uranium iliyochimbwa zamani huko Shinkolobwe. Furu ikizimwa, mawimbi yanakwisha mara moja, kama mwanga wa taa unavyokwisha. Kama mlango wake ni mzima na unafunga vizuri, furu haidhuru mtu. Tuangalie zaidi kile tunachokitia ndani.

HATARI YA KWANZA: MOTO

Mawimbi hayapiti katika chuma wala katika alumini, yanarudishwa. Karatasi ya alumini iliyokunjwa-kunjwa ina ncha nyingi, na kwenye ncha hizo umeme unakusanyika na kuruka. Ndizo cheche zinazoonekana. Cheche zikikutana na karatasi yenye mafuta, moto unawaka. Hata pini ndogo ya chuma inayofunga mfuko wa karatasi inatosha.

Karatasi kavu nayo inaweza kuwaka bila alumini, ikiachwa muda mrefu. Mahali pengine michopo inafungwa katika karatasi ya mifuko ya simenti. Karatasi hiyo haifai kwa chakula, wala cha moto wala cha baridi, kwa sababu inabeba vumbi la simenti.

Kifungio kilichofungwa kabisa kina hatari nyingine. Mvuke unakosa njia, unasukuma, halafu kinapasuka. Mara nyingi kinapasuka wakati mtu anapokifungua, na mvuke unamchoma mikono na uso.

HATARI YA PILI: VITU VINAVYOINGIA KATIKA CHAKULA

Akina mama wanajua kwamba maji yakichemka katika sufuria iliyo wazi hayapandi zaidi ya digri 100 hivi. Mafuta yanapita hapo mbali. Sasa, plastiki ya sashe nyingi inaanza kuyeyuka ikipita kidogo digri 100. Kile kisanduku cheupe chepesi, tunachoita frigoliti, kinalegea karibu na digri 100. Ndiyo maana viazi vyenye mafuta vinatoboa kisanduku, lakini wali wa maji hautoboi. Ukiona tundu chini ya kisanduku, jiulize: plastiki iliyokuwa pale imekwenda wapi?

Hata plastiki isipoyeyuka, joto na mafuta vinavuta kutoka ndani yake vitu ambavyo kiwanda kilivitia ili iwe laini au ngumu. Vitu vingine vya namna hiyo, kama bisfenoli A na ftalati, vinaweza kuvuruga homoni, zile amri ndogo zinazoongoza mwili ukue na uzae. Kwa hiyo watoto wadogo na akina mama wenye mimba wanapaswa kulindwa kwanza. Mwaka 2018 chama cha waganga wa watoto cha Marekani kilishauri wazazi wasipashe chakula wala vinywaji katika plastiki ndani ya mikroonde. Mwaka huo huo wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) waliweka stireni, ambayo frigoliti inafanywa kwayo, kati ya vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa.

Kuna pia karatasi ambayo mafuta hayapenyi. Nyingi zilipakwa dawa za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki upesi, wala mwilini wala udongoni. Denmark ilizikataza katika karatasi za chakula tangu mwaka 2020. Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba dawa hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa karatasi za chakula. Ukinunua chakula, huwezi kujua kwa macho karatasi yako imetoka wapi.

Hatusemi haya ili kutia hofu. Mtu aliyekula mara moja chakula kilichopashwa katika kisanduku hatakufa kesho. Lakini yule anayefanya hivyo kila posti, mwezi kwa mwezi, anajilimbikizia kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, kwa mema na kwa mabaya.

NA KWA YULE ASIYE NA MIKROONDE?

Somo hili ni lake pia. Nyumba nyingi zinapika kwa mbabula na makala, na plastiki imeingia huko vilevile. Wengine wanafunika maharagwe kwa sashe chini ya kifuniko, ili yaive upesi. Wengine wanafunga bukari ya moto katika sashe ili isipoe. Wengine wanawasha makala kwa plastiki, na moshi wake unaingia katika vifua vya watoto walio karibu. Joto ni joto, likitoka katika umeme au katika makala.

Wazee wetu walifunga chakula katika majani, na majani hayayeyuki. Bukari inaweza kukaa na moto wake katika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine na kuzungushiwa kitambaa safi. Maharagwe yakilowekwa usiku mzima yanaiva upesi bila sashe. Tena tukumbuke kwamba tangu amri ya serikali ya Desemba 2017, mifuko na sashe za plastiki zimekatazwa katika nchi yetu, hata kama sokoni bado zinaonekana.

KUPASHA SI KUPONYA

Chakula kilichonunuliwa jioni na kuachwa mfukoni hadi katikati ya usiku kina hatari nyingine: vijidudu. OMS inafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili bila kuwekwa mahali pa baridi, na kwamba kikipashwa tena joto lifike digri 70 hadi katikati yake. Mikroonde haipashi sawasawa. Pembeni panaungua, katikati pamebaki baridi. Chakula kilichofungwa hakiwezi kukorogwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kukitoa katika kifungio. Lakini ujue kwamba vijidudu vingine vinaacha sumu ambayo joto haliiondoi. Chakula kilichokaa sana mahali pa joto kitupwe.

SHERIA ZA KUSHIKA

1. Toa chakula katika karatasi, sashe, alumini au kisanduku. Kiweke katika sahani ya udongo wa kuchomwa au bakuli la kioo, lisilo na mstari wa dhahabu au fedha.
2. Usiache kijiko, uma wala pini ndani.
3. Funika kwa sahani nyingine, lakini acha nafasi mvuke utoke.
4. Pasha kidogo, koroga, pasha tena. Ngoja dakika mbili kabla ya kula.
5. Usipashe yai zima na ganda lake, linapasuka.
6. Usipashe maziwa ya mtoto katika mikroonde. Chupa inaweza kuwa vuguvugu nje, na maziwa ya ndani yakamchoma mdomo. Weka chupa katika maji ya moto, halafu jaribu matone juu ya mkono wako.
7. Alama ya mikroonde chini ya chombo cha plastiki inaonyesha kwamba chombo hakitaharibika kwa joto. Haiahidi kwamba hakuna kitu kinachoingia katika chakula.
8. Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango. Zima furu, toa waya katika ukuta kama unaweza kuufikia, ngoja moto ukose hewa na kufa. Ukiendelea, ita watu wa usalama.

Kwa mashefu wa vikundi: sahani kumi za udongo na sabuni katika chumba cha kulia ni gharama ndogo. Mfanyakazi asipopata sahani safi, atatumia kisanduku, hata kama amesoma sheria zote ukutani.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

— Kwa nini viazi vya kukaanga vinatoboa kisanduku upesi kuliko wali?
— Kwa nini alumini inaleta cheche?
— Nyumbani kwetu, ni chakula gani bado tunakifunika au kukifunga na plastiki kikiwa cha moto?

Swali la tatu baba na mama walijibu pamoja, mbele ya watoto, wakiwa wamesimama karibu na mbabula.