Akiba ya Vitamini A Mwilini

Vitamini A ni mojawapo ya vitamini chache ambazo mwili huweza kuzihifadhi kwa miezi mingi. Huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo ile isiyotumika leo haitolewi kwa mkojo bali huwekwa. Hazina yake kuu ni ini. Kwa mtu anayekula vizuri, asilimia 70 hadi 90 ya vitamini A yote ya mwili imo humo, nyingi yake ndani ya seli ziitwazo seli za nyota, zilizojaa vitone vya mafuta.

Kutoka kwenye chakula huja kwa njia mbili. Maini, mayai, maziwa na samaki huileta ikiwa tayari, katika umbo liitwalo retinoli. Omena wa Ziwa Victoria ni wa thamani hapa kwa kuwa huliwa mzima, pamoja na kichwa na tumbo, ingawa jua la kuwaanika hupunguza kiasi chake. Mboga na matunda havina retinoli. Vina karotini, ambayo utumbo huigeuza kuwa retinoli. Mageuzi hayo yana hasara kubwa: hukadiriwa kuwa maikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa maikrogramu moja tu ya retinoli. Mwanamke mtu mzima huhitaji maikrogramu 700 za retinoli kwa siku, na mwanamume 900.

Nyumba za Nyakoe, kama zilivyo nyingine za kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, hazikosi karotini. Chinsaga (mgagani), rinagu (mnavu), terere (mchicha) na majani ya maboga vinayo kwa wingi. Ugali wa mahindi meupe, ndizi za kupika na viazi vitamu vyeupe vina kidogo mno, lakini viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimejaa. Kinachopungua mara nyingi ni mafuta ya kuibeba. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake hupita tumboni huku karotini yake nyingi ikitoka nayo. Ndiyo maana desturi ya Abagusii, wenyeji wa huko, ya kupika chinsaga na kuilaza na maziwa ina faida kubwa kiafya, na inafaa kuendelezwa. Kipande cha avokado kando ya mboga hufanya kazi hiyohiyo, na mti wake umo katika maboma mengi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Mafuta yanayowekwa juani katika chupa angavu huipoteza.

Ndani ya utumbo mwembamba, nyongo huyavunja mafuta kuwa matone madogo, na vitamini hufyonzwa pamoja nayo. Hupitia mishipa ya limfu, huingia katika damu, kisha ini huichukua na kuiweka. Mwili unapoihitaji, ini huitoa ikiwa imeshikwa na protini maalumu inayoisafirisha hadi kwenye macho, ngozi, mapafu na utumbo. Protini hiyo hutengenezwa na ini lenyewe, tena kwa msaada wa madini ya zinki. Mtoto aliyekosa protini kwa muda mrefu anaweza kuwa na vitamini ndani ya ini na bado isimfikie.

Ini hutoa kwa kipimo, na hivyo kiwango cha vitamini A katika damu hubaki karibu palepale, hazina ikiwa imejaa au imepungua nusu. Ni kama ghala linalotoa debe moja kila juma: wanaokula hawajui limebakiza nini hadi debe la mwisho. Katika miaka ya 1940, mjini Sheffield, Uingereza, watu wazima 16 walijitolea kula chakula kisicho na vitamini A kwa miezi mingi, na ni watatu tu walioonyesha dalili za wazi za upungufu. Watoto hawana nafasi hiyo. Huzaliwa na akiba ndogo sana. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama, ndiyo huanza kuijaza. Surua, kuhara na homa za mara kwa mara huimaliza haraka.

Ndiyo sababu Kenya huwapa watoto matone ya vitamini A: yuniti 100,000 kati ya miezi 6 na 11, kisha yuniti 200,000 kila baada ya miezi sita hadi wafikishe miaka mitano. Hutolewa kliniki na katika kampeni za afya ziitwazo Malezi Bora. Mtoto mwenye surua hupewa dozi siku mbili mfululizo hospitalini.

Hazina inayojaa kupita kiasi nayo hudhuru. Kwa mboga hilo halitokei, kwa maana retinoli ikitosha, utumbo hupunguza kuigeuza karotini. Anayekula nyingi mno huishia kuwa na viganja vya manjano, bila madhara. Vidonge vya retinoli na maini mengi havina kizuizi hicho. Vikizidi huumiza ini na mifupa, na katika miezi ya kwanza ya mimba huweza kumlemaza mtoto tumboni. Mjamzito asinywe vidonge vya vitamini A asivyopewa na kliniki.

Dalili ya kwanza ya hazina kuisha huonekana jioni: mtoto anayecheza vizuri mchana hujikwaa giza linapoingia, au hushindwa kuona chakula mbele yake. Baadaye weupe wa jicho hukauka na kupata madoa ya povu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, pamoja na kijitabu chake cha kliniki, kwa kuwa kioo cha jicho kikishaharibika hakirudi.