Pulsar yako unaipenda, lakini inakulipa?

Mabosi wangu wa Ifakara mnaouza mtandaoni, swali linakuja sana: niuze Pulsar ninunue Boxer? Zote ni za Bajaj ya India, ila kazi zao tofauti. Pulsar ina mbio na inapendeza, ukipita nayo sokoni watu wanageuka (na hilo nalo ni tangazo, tusidanganyane). Boxer ina siti ndefu na keria, unafunga kiroba cha mchele, unavuka daraja la Magufuli mpaka Lupiro hakijalegea.

Chukua daftari, andika miezi mitatu: oili, spea, na siku chombo kililala kwa fundi. Hizo siku ndo tunazisahau. Tuseme kwa siku unapeleka oda 5, faida 3,000 kila moja. Ikilala siku 4 kwa mwezi, 60,000 imeondoka, na spea bado hujalipa.

Jumlisha vyote, linganisha na rejesho la Boxer ya mkopo. Rejesho likiwa kubwa zaidi, baki na mnyama wako, badili cheni na sproketi kwa pamoja, kiroba mpe bodaboda. Rejesho likiwa dogo, uza kabla ya masika ya Machi, maana kwenye tope la mashambani nani atataka kuijaribu?

Kadi iwe na jina lako, la sivyo bei inashuka hapohapo. Na mkishauziana mbadilishe umiliki TRA mapema, isije ikafanya tukio huko Kilosa bado inasoma jina lako.